Naomba ushauri: kushusha tenki la mafuta la Corolla KE70 nyumbani

Kijana wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Nina Corolla KE70, ile DX ya zamani, na tangu juzi uani kunanuka petroli. Nimeingia uvunguni na tochi, nikakuta tenki linatoka jasho upande wa kulia. Nataka kulishusha mwenyewe, nilirekebishe na kulirudisha kabla ya Jumamosi. Spana ninazo, jeki ninayo. Nianzie wapi, na nichunge nini? Wenye matusi piteni kimya. Nawasilisha.

Nati Kumi na Mbili
Kabla ya spana, humo kuna mafuta kiasi gani? Lita 20 za petroli ni kilo 15 hivi, na tenki likiinama zote zinakimbilia upande mmoja, yaani kifuani kwako. Yapunguze kwanza. Kama lina nati ya kumwagia chini, tumia hiyo. Kama halina, tafuta pampu ya mkono, usinyonye kwa mdomo. Petroli ikiingia mapafuni utalazwa.

Gari lisimame mahali pa wazi, siyo juu ya shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kulala shimoni. Chomoa hasi ya betri. Tairi za mbele zizuie kwa mawe, nyuma lisimame kwenye stendi, usiamini jeki. Jeki iweke chini ya tenki, na ubao katikati. Fungua mpira wa mdomo wa kujazia, hosi, waya wa geji, halafu bolti. Shusha kidogo tu uchungulie juu, maana hakuna fundi ambaye hajawahi kusahau hosi moja.

mama_wawili
Hivi nyie wanaume mna nini na kufungua magari nyumbani? Wangu alisafishia kabureta kwenye beseni langu la kufulia. Nguo za shule zilinuka petroli muhula mzima, mwalimu akaniita kuuliza kama tunauza mafuta ya magendo. Mpaka leo lile beseni analo yeye.

Pweza Mkavu
Tangu juzi kunanuka petroli, na jirani anakaanga mihogo. Mkuu, tuachie namba ya ndugu wa karibu.

Ustaadhi Gia
Watu mnasahau upesi. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia na madumu. Walikufa zaidi ya 100. Petroli haina undugu na mtu. Mpe fundi kazi yake.

Kijana wa Tabata
Ustaadhi, lile lilikuwa lori, hiki ni kitenki. Nashukuru Nati, umenielewesha.

Nati Kumi na Mbili
Bado hujaniambia. "Nilirekebishe" kwa kutumia nini?

Kijana wa Tabata
Si kuziba tu mkuu.

Nati Kumi na Mbili
Kuziba kwa nini? Gundi? Risasi? Moto?

Kijana wa Tabata
Kuna fundi wa mageti hapa mtaani, anakuja kesho saa nne na mashine yake. Nimeshampa elfu 15 ya kutangulizia. Lakini msianze, nimeliosha kwa Omo mara tatu, nimeingiza pua kabisa, halinuki. Na pampu ya umeme nimeshaitoa ndani. Yule jamaa ana miaka 12 kwenye kazi, anajua moto.

Nati Kumi na Mbili
SIMAMA. Anajua moto wa mageti. Tenki tupu ni baya kuliko lililojaa. Likijaa hakuna hewa ndani. Likiwa tupu, mvuke ukifika kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Na pua yako si kipimo. Petroli inajificha kwenye kutu na kwenye mikunjo ya bati, unaosha wee halinuki, mwenye mashine akilipasha joto inatoka yote. Mpigie sasa hivi, mwambie asije.

Kijana wa Tabata
Hela imeshatoka mkuu, hairudi. Na wengi wanachomelea matenki, tunawaona.

Bwana Rejeta
Unaowaona ni waliobaki.

Shahidi wa Mwisho
Jamani mnanyweshwa chai, na mnaomba kikombe cha pili. KE70 inakuja na injini ya 4K ya kabureta. Pampu yake ya mafuta imefungwa ubavuni mwa injini, inasukumwa na kamshafti. Hiyo ya umeme ndani ya tenki imetoka wapi? Halafu saa kumi na mbili anauliza aanzie wapi, saa mbili usiku tenki limeshaoshwa mara tatu! Limeshukaje? Akaunti yenyewe ya juzi.

Pweza Mkavu
Weka na sukari.

mama_wawili
Nilihisi. Na mimi nimemwaga siri za beseni langu bure.

Kijana wa Tabata
Si chai. Sawa, nasema. Tenki nililishusha jana, liko barazani. Niliuliza vile kwa sababu nilijua ningesema limeshashuka mngenitukana. Injini ya 4K iliuzwa zamani, sasa kuna 5A ya EFI, ile isiyotumia kabureta, mafuta yanasukumwa na pampu ya umeme. Aliyebadilisha ndiye aliyetumbukiza pampu ndani na kuchomea kijipaipu cha mafuta yanayorudi, na hapo ndipo palipopasuka.

Na gari si langu. Ni la baba mkwe, yuko Lushoto, anarudi Jumamosi. Aliniachia funguo niwe naliwasha asubuhi. Niwe naliwasha, basi. Nikaenda nalo harusini Chanika, likakaa juu ya jiwe.

Pweza Mkavu
Kumbe Msamvu yenyewe inarudi Jumamosi na basi.

Shahidi wa Mwisho
Hapo sasa. Kuhusu 5A nakubali, naondoa kikombe. Kuhusu jiwe bado nasubiri picha.

Bwana Rejeta
Kijana, sikiliza. Nimelehemu marejeta na matenki tangu nikiwa saidia fundi. Bosi wangu hakugusa tenki lililokuja bila kuvuliwa geji na pampu. Alilisuuza kwa maji ya moto, akaliacha wazi, kisha akalijaza maji mpaka karibu na pale palipotoboka. Na hakupeleka moto kwenye tenki. Alipasha nondo ya shaba huko mbali, akaja nayo imeiva, akayeyushia risasi. Siku moja alikwenda msibani. Msaidizi mwenzangu akachukua mtungi wa gesi, tenki kavu. Yuko hai, ila ukiongea naye simama upande wa kushoto.

Lakini kijipaipu kilichopasuka kwa mtikisiko kitapasuka tena. Ningekuwa wewe ningetafuta tenki jingine, nianzie kwenye spea za Gerezani, Dar. Ukifunga, weka hosi mpya za EFI, maana pampu hiyo inasukuma kwa presha ya kama ba 3, hosi ya kabureta haikuzaliwa kwa hilo. Mpira wa geji uwe mpya. Betri irudishe mwisho, weka lita tano, washa swichi bila kupiga stata, halafu lala chini uangalie. Mtungi wa poda uwe karibu, maji hayazimi petroli.

Kijana wa Tabata
Mrejesho, leo saa tano. Fundi geti alikuja. Alivyoona ni tenki la gari akarudisha mashine kwenye toroli, akasema yeye ana watoto. Elfu 15 amesema ni nauli.

mama_wawili
Nauli ya mtaa huo huo?

Nati Kumi na Mbili
Kwa uhai wako, hiyo ni bei ya kutupa. Tenki bado liko barazani?

Kijana wa Tabata
Nimelitoa nje kwenye uwazi, nimelijaza maji. Mzee amepiga simu, anauliza gari linawaka vizuri asubuhi? Nimesema linawaka.

Korokoroni
Mkuu nina tenki la DX, limetolewa kwenye gari lililogongwa mbele. Njoo inboksi.

Kijana wa Tabata
Lina geji yake?