Napinga utoaji mimba, naunga mkono kunyongwa. Je, najipinga? Naomba ushauri

Umm_Chumbageni: Salaam wakuu. Nipo Tanga mjini, naongoza kikundi cha akina mama mtaani. Tunawanasihi mabinti wasitoe mimba. Kikaoni mwenzangu kaniita mnafiki, eti siwezi kusema uhai ni wa Mungu halafu nitake muuaji anyongwe. Nimekosa jibu, hata usingizi sipati. Nimjibuje?

Sharifu_Ngamiani: Bi mkubwa, rudi Suratul Israa. Aya ya 31 inakataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara. Ya 33 inakataza kuua nafsi "ila kwa haki". Umeteleza pale ulipotaja uhai ukanyamaza. Sema asiye na hatia haguswi, hapo hujipingi. Lakini kanuni hiyo ina deni: mahakama ikikosea ikamnyonga asiyeua, umeivunja wewe uliyeitetea. Na yule mwanamke wa kabila la Ghamid aliyekiri zinaa akiwa mjamzito, Mtume (SAW) alimwacha kwanza ajifungue na amwachishe mwana ziwa, ndipo adhabu ikapita.

Katekista_Mstaafu: Kwetu Wakatoliki ni tofauti. Kardinali Bernardin wa Chicago mwaka 1983 aliziunganisha mimba, vita na kitanzi kwenye kamba moja. Papa Yohane Paulo II mwaka 1995 akaandika kwamba hali za kulazimu kunyonga ni adimu mno, kama zipo. Papa Fransisko mwaka 2018 akaibadili namba 2267 ya Katekisimu: adhabu ya kifo haikubaliki. Ila Kardinali Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, mwaka 2004 aliandika kwamba Mkatoliki aweza kutofautiana na Papa juu ya adhabu ya kifo, si juu ya utoaji mimba. Kwa hiyo hata Roma mizani haikuwa sawa.

Chumvi_ya_Pangani: Kikao chenyewe kilikuwa na chapati au maneno matupu?

Bi_Makorora: Nyote mmekimbilia kitanzi. Binti akifukuzwa kwao na tumbo lake, kikundi kinampa nini? Nasaha? Na mnamwambia kwamba kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda daktari anayempasua kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa uhai wa mama? Mkimtisha na miaka 7 jela ya kifungu cha 151 kwa anayejitoa mimba, peke yake, akianza kuvuja damu atajificha chumbani. Uchafu ukibaki ndani unaoza, sumu inaingia kwenye damu, anakufa wakati kusafishwa hospitali baada ya mimba kuharibika si kosa.

Wakili_Raskazoni: Umm, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya hoja ya kikaoni. Nani anangoja kunyongwa?

Umm_Chumbageni: Haya. Kuna kijana wa jirani. Familia yake inakusanya sahihi za kuomba msamaha wa Rais, wakaniletea karatasi. Nimeshakataa, na nimewaambia wenzangu wasitie. Aliyeuawa alikuwa mjamzito, miezi sita. Sasa mimi ninayetetea mimba nimwombee huyo?

Sharifu_Ngamiani: Yakhe, hukuja kuuliza basi, umekuja kutafuta mashahidi. Al-Baqara 178 imeweka msamaha mikononi mwa warithi wa aliyeuawa. Wao wamesemaje?

Umm_Chumbageni: Hawataki hata kusikia. Na mahakama imeona uzito wake, amehukumiwa kunyongwa mara mbili, kwa mama na kwa mtoto tumboni.

Wakili_Raskazoni: Hapo ndipo ninaposhtuka. Kifungu cha 204 kinasema mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa akishatoka mzima tumboni mwa mamaye. Kwa aliye tumboni kuna kifungu cha 219, kuharibu mtoto anayeweza kuzaliwa hai. Adhabu yake ni kifungo cha maisha, na wiki 28 ndizo zinazochukuliwa kuwa ushahidi wa uwezo huo. Miezi sita haijafika huko. Kwa mama, kifungu cha 197 kinamfunga jaji: kunyongwa. Kwa mimba hakuna kitanzi. Hukumu hiyo umeisoma?

Chumvi_ya_Pangani: Chai! Tena ya rangi, sukari vijiko vitano.

Katekista_Mstaafu: Nami naona uzi umetungwa ili watu wa dini watoane macho.

Umm_Chumbageni: Sijatunga. Hukumu sijaiona, nimeelezwa na shangazi wa marehemu. Jina la kijana silileti hapa.

Wakili_Raskazoni: Usililete. Uliza kama rufaa imekwisha. Notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu. Rufaa ikiwa bado hai, karatasi hiyo imewahi mno. Ikishindwa ndipo ibara ya 45 ya Katiba, na Rais anaweza kubadili kunyongwa kuwa kifungo. Anayetia sahihi haombi kijana aachiwe, basi soma wameomba nini kabla ya kuwazuia wenzako. Na tukiwa hapo: kifungu cha 26 kinasema mjamzito hahukumiwi kunyongwa, anafungwa maisha. Sheria inayonyonga inaisubiri mimba.

Umm_Chumbageni: Karatasi nitaisoma. Sahihi yangu hawaipati.

Bi_Makorora: Na lile swali langu la binti aliyefukuzwa?