Kaseti 43 za marehemu mzee: kelele zifutwe au ziachwe?

Mwana wa Stesheni aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri. Mwenye haraka aruke mpaka aya ya mwisho, maana najijua, nikianza kusimulia sikomi.

Mimi ni mtu wa muziki tangu utoto. Sipigi chombo chochote ila sikio halilali. Kimara mpaka Kariakoo spika ziko masikioni: Bongo Fleva, Amapiano, Ijumaa singeli. Nyimbo za wazee nilikuwa nazisikia harusini tu, nikizisikia najua muda wa kupanga foleni ya chakula umefika.

Mzee wangu alifariki mwaka jana. Alikuwa mtu wa reli, Tabora, tangu kijana mpaka anastaafu. Arobaini ilipopita mama akanikabidhi sanduku la bati lililokuwa uvunguni. Ndani kaseti 43, nyingi C90 (za dakika 90), zimeandikwa kwa wino: "Dansi J'mosi", "Dansi na salamu", na moja "USIGUSE". Hiyo ya USIGUSE ndiyo niliyoanza nayo.

Nikanunua redio kaseti ya mtumba, nikaichomeka, nikakaa kula. Rumba inatembea taratibu, waimbaji wanabembeleza, kisha wakanyamaza, gitaa la solo likaingia peke yake. Wakuu, tonge lilibaki hewani. Zile noti sita za mwanzo ni mluzi aliokuwa akitupigia mzee kutuita nyumbani magharibi ikiingia! Tulikuwa tunacheza mpira kando ya reli, ukisikia mluzi ule unaacha mpira hata kama umebaki wewe na kipa. Miaka yote hiyo najua ni mluzi wake, kaubuni mwenyewe. Kumbe ni solo ya watu. Kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, mwimbaji anawataja wapigaji halafu anaita "Segere Matata".

Sasa tatizo. Ndani ya kaseti hizi kuna vitu vingi zaidi ya nyimbo. Mzee anakohoa. Mama anauliza kibiriti kiko wapi. Mtoto analia, sijui ni mimi au dada. Kwa mbali treni inapiga honi. Nilipeleka kaseti mbili kwenye duka moja wanakohamishia nyimbo kwenye fleshi. Ya kwanza mashine yao ikaitafuna, mkanda umejikunja kama tambi. Ya pili kijana akanirudishia fleshi anatabasamu: "Braza, nimekusafishia." Kweli kasafisha. Kikohozi hakuna, kibiriti hakuna, treni hakuna. Zimebaki nyimbo tupu, na hata hizo zinasikika kama zinapigwa ndani ya pipa.

Kaka yangu mkubwa anasema kijana kafanya kazi yake, nani anataka kusikia kikohozi. Mimi roho inakataa. Naomba ushauri: (1) hii iliyotafunwa inapona? (2) kuna sita zina utando mweupe kama unga, nifanyeje? (3) kelele nizifute au niziache? Na anayeujua wimbo huo anisaidie. Nawasilisha.

---

Mkaanga Mihogo:

Pole mkuu. Mimi nimesoma mpaka kwenye tonge nikaishia hapo. Naweka kambi.

---

Fundi Redio Mwanza:

Kabla ya yote, zima hiyo redio. Halafu kaa na hizo kaseti zote, vunja vile vijimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kila moja. Vikiwa vimevunjwa, hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu haitarekodi. Fanya leo, usingoje kesho.

Iliyotafunwa: usiivute. Laza kaseti mezani, ingiza kalamu ya Bic kwenye tundu, zungusha polepole huku unanyoosha mkanda kwa kidole kilicho kavu. Palipojikunja patakuwa na mawimbi kwenye sauti, hiyo haiondoki, lakini itasikika. Kama mkanda umekatika, nakuunganishia. Kama ganda lina skrubu tano unalifungua na kuhamishia mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine. Maganda yaliyogundishwa ndiyo yenye kazi.

Zenye unga mweupe: hiyo ni ukungu. Usiziweke kwenye mashine yako nzuri, utaambukiza kaseti zote zitakazofuata. Ziweke sehemu kavu yenye hewa, si juani, wiki nzima. Ukizifuta fanyia nje, vaa barakoa. Na usisikilize watu wa mtandaoni watakaokwambia uoke mkanda kwenye oveni. Hayo ni mambo ya baadhi ya mikanda mikubwa ya studio, na wanaojua wanatumia joto dogo la kupimwa. Kaseti yako itayeyuka, utakuja kulia hapa.

Kuhusu sauti ya pipa. Hilo linaweza kuwa kosa la kusafisha kupita kiasi, lakini pia huenda kichwa cha mashine, kile kinachousoma mkanda, hakijakaa sawa nao. Pembeni ya kichwa kuna skrubu ndogo. Kaseti ikiwa inacheza, izungushe kidogo sana, robo mzunguko haifiki, mpaka usikie matoazi yanang'aa. Kila kaseti iliyorekodiwa kwa mashine tofauti itataka marekebisho yake. Hao wa madukani hawana muda huo, wanachomeka na kuondoka. Kichwa kisafishe kwa spiriti na pamba kila baada ya kaseti mbili tatu.

Swali moja kwako: mzee alikuwa na redio ngapi?

---

Mwana wa Stesheni:

Mbili mkuu. Ile kubwa ya National iliyokaa kabatini, na kijiredio cha kaseti alichokuwa anasafiri nacho. Umejuaje?

---

Fundi Redio Mwanza:

Kwa sababu redio kaseti ikijirekodi yenyewe kutoka kwenye masafa yake haiingizi sauti ya chumbani. Inachukua mawimbi ndani kwa ndani. Ukisikia kikohozi na kibiriti, ina maana mzee alikuwa anaiwasha ile kubwa, anaweka ile ndogo mbele yake na kurekodi kwa kipaza sauti. Nyumba yenu yote ilikuwa studio. Kwa hiyo hizo si kelele zilizoingia kwenye kaseti baadaye. Zilirekodiwa pamoja na wimbo, kwa kipaza sauti kimoja. Ndiyo maana kijana alipozitoa wimbo nao ukaumia.

---

Mpenda Chemko:

Mtindo "Segere Matata" ni wa Tabora Jazz, hapo hakuna mjadala. Ndiyo bendi iliyotupa "Dada Asha" ya Shem Karenga. Zamani bendi haikutambulika kwa jina tu, ilikuwa na mtindo wake na mwimbaji anauita kwenye chemko ili ujue uko kwa nani: Nuta Jazz wana Msondo, Mlimani Park wana Sikinde, Western Jazz wana Saboso, Urafiki Jazz wana Chakachua. (Vijana wanadhani neno chakachua lilianzia kwenye mafuta ya taa. Hapana, watu walilicheza kwanza.) Jina la wimbo wako sitakutajia mpaka nisikie ubeti mmoja, humu ndani ukikosea jina la wimbo unafukuzwa.

Na nikwambie kwa nini mzee alirekodi kwa njia ile. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri kinachofanya kazi. Bendi zilikuwa zinaingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kule Barabara ya Pugu, wanapiga wote kwa pamoja, mkanda unabaki redioni. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka na Kenya ukafungwa 1977 hadi 1983. Mpenzi wa muziki wa Tabora afanyeje? Anasubiri kipindi, kidole kiko kwenye kitufe.

Mimi napinga kidogo hoja ya Fundi. Solo za wakati ule zina noti nyembamba, ukiacha lile "shhh" zima zinapotea. Mvumo punguza. Kikohozi acha.

---

Kaka wa Kisauni:

Ndugu, pole kwa msiba. Mimi ni wa Mombasa. Babangu alikuwa na santuri za Mbaraka Mwinshehe, zile ndogo za pande mbili, upande wa kwanza maneno, wageuza upande wa pili ndio magitaa yachachamaa. Mbaraka mwenyewe alifariki kwa ajali huku kwetu, Januari 1979. Babangu alikuwa akiweka upande wa pili tu siku akilipwa. Upande wa kwanza ulikuwa wa katikati ya mwezi. Sisi twajua hali ya mfuko kwa upande wa santuri, huna haja ya kuuliza kama kuna nyama.

Mjadala wa kelele siuingilii. Lakini mwambie kakako asikize moja kwanza, akiwa peke yake, ndio aseme.

---

Shangazi wa Mchambawima:

Mwanangu, usifute kitu. Sisi Unguja tulikuwa tukiletewa kanda kutoka Maskati, ndugu zetu hawakuandika barua, walisema kwenye kanda. Upande mmoja salamu, fulani kazaa, fulani kaposwa, upande wa pili katia taarab akaijaza mpaka mwisho kwa sababu kanda tupu ni hasara. Mama yetu alikuwa nazo kumi na tano. Mdogo wangu, Mungu amsamehe, akazirikodia nyimbo zake za disko. Kuna moja tu ilibaki, na katika hiyo moja dada yetu anasema "haya, nakuagieni, adhana hiyo", na kweli nyuma yake inasikika adhana. Taarab iliyofuata naijua yote kwa moyo, lakini siisikilizii taarab.

Ukimpa mtu asafishe atakutolea adhana, atakuachia udi na fidla.

---

Dogo Janja Tabata:

Wazee wangu samahani, kwa simu haiwezekani? Unaweka simu karibu na spika unarekodi, kwisha.

---

Fundi Redio Mwanza:

Inawezekana, mzee wake alifanya hivyohivyo 😄. Ila sasa utakuwa na nyumba ya Tabora ndani ya nyumba ya Kimara, pikipiki za bodaboda juu ya treni.

Fanya hivi Mwana wa Stesheni. Toa waya kwenye tundu la kutolea sauti la deki, siyo spika, ingiza kwenye kompyuta. Kompyuta nyingi za sasa zina tundu moja la spika na maiki pamoja, halifai, nunua kile kidude kidogo cha sauti cha kuchomeka USB chenye tundu la kuingizia. Programu tumia Audacity, ni ya bure. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), kaseti ya dakika 90 itachukua karibu megabaiti 950. Zako zote 43 zinaingia kwenye fleshi ya GB 64, lakini usitegemee fleshi moja. Weka kwenye diski mbili, moja ibaki kwa mama au kwa kaka.

Hiyo nakala ya kwanza usiiguse. Hata kikohozi, hata sekunde kumi za ukimya, hata pale mkanda unapoisha "tak". Ukishaihifadhi, tengeneza nakala ya pili, hiyo mpe Mpenda Chemko aondoe "shhh" anavyotaka. Kabla ya kucheza kaseti iliyokaa miaka mingi, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe, mkanda ulegee. Na kabla ya yote badilisha mkanda wa mpira wa mashine yako, wa mtumba huwa umelegea, utapata mzee mwenye sauti ya jini.

---

Bint Chumbageni:

Naongezea tu: kusikiliza nyumbani hakuna tatizo, lakini usije ukapandisha nyimbo nzima YouTube ukaanza kuvuna hela. Hizo nyimbo zina wenyewe na familia zao, waulize COSOTA (watu wa hakimiliki) kwanza. Mambo ya kibiriti ni yako.

---

Mwana wa Stesheni (mrejesho, wiki tatu baadaye):

Wakuu, asanteni sana. Vijimeno nimevunja usiku uleule. Mpira nimebadilisha. Iliyotafunwa imepona, ina mawimbi sehemu moja tu, mwimbaji anasikika kama anaimba akipanda ngazi. Za ukungu nne zimefunguka, mbili bado zinakauka barazani, nimepanga kumtumia Fundi. Nimehamisha kaseti 12. Skrubu ya kichwa ilinitoa jasho, lakini matoazi yalipong'aa niliita mke wangu aje kusikia, akaja na mwiko mkononi, akasema hasikii tofauti.

Kaka nimempa ile ya kibiriti, nimemwambia asikilize peke yake kama alivyosema ndugu wa Kisauni. Hajanirudishia.

Wiki iliyopita nilikwenda Tabora na nakala ya USIGUSE kwenye simu. Nikamwekea mama, bila kumwambia ni nini. Ilipofika pale kwenye solo akaacha kuchambua mchele. Nikamwambia, mama, ni ule mluzi wetu, wa kutuita. Akanitazama kama nimesema jambo la kijinga.

"Wenu? Nyinyi mmeukuta. Huo alikuwa ananipigia mimi, nyuma ya ukuta wa kwa babu yenu, kabla hajatuma barua ya posa."

---

Shangazi wa Mchambawima:

Ehee! Na alikuwa akitoka?

---

Mwana wa Stesheni:

Nilimuuliza, Shangazi. Anasema alikuwa anatoka na ndoo kwenda kuchota maji, hata kama mtungi umejaa.