Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza kupanda daladala, ulishukaje?

Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu anaingia Dar keshokutwa kutoka Makete kuanza chuo, atafikia Tabata Bima. Hajawahi kupanda daladala. Nimemwelekeza gari la kupanda mpaka nikachoka, ndipo nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe kupanda hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kushuka.

Ilikuwa 2007. Basi la mkoani lilinifikisha Ubungo jioni, naenda kwa shangazi, Magomeni Usalama. Nikaingia kwenye Hiace ya Kariakoo, begi magotini. Konda anaita vituo mfululizo: Shekilango, Urafiki, Tiptop, Argentina, Kagera, Mwembechai. Asipoitikiwa anagonga bodi, gari halisimami. Kwetu kijana hapazi sauti mbele ya watu wazima asiowajua. Alipouliza, "Usalama wapo?" nikaitikia kwa sauti niliyoisikia peke yangu. Tukapita. Mapipa tukapita, Jangwani tukapita, nikashukia Kariakoo giza linaingia, sijui nigeukie wapi. Mama mmoja aliyekuwa anafunga biashara yake ya nyanya aliniona machozi, akanishika mkono mpaka kwenye gari la kurudi, akamwambia konda, "Huyu mwanangu mshushe Usalama, usimpitishe." Sikumwona tena, na jina lake sikuuliza. Mpaka leo linaniuma.

Mwenye kisa chake aweke hapa, nimsomee dogo.

Mdau wa Temeke

Mimi nilianza kabla ya hizo Hiace, enzi za mabasi ya UDA, yale Ikarusi marefu yenye kiungo katikati tuliyoyaita kumbakumba. Mwaka 1983 magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa, nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano tuliiita dala. Makonda wakawa wanaita "dala, dala!" Vijana wengi wanalitaja jina kila siku bila kujua lilipotoka.

Kulikuwa na pikapu za mabenchi, tukiziita chai maharage. Mnakaa mnatazamana, magoti yanagusana. Ukitazamana na mtu mzima huwezi kumnyamazia, shikamoo inatoka yenyewe. Siku yangu ya kwanza kuzipanda nilimwamkia mzee wa mbele yangu, akauliza naenda wapi, na kituo kilipofika yeye ndiye aliyesimamisha gari. Mwambie mdogo wako asione haya: amwamkie jirani yake wa siti, amtajie anaposhuka. Inatosha.

Dada wa Gongo la Mboto

Mara ya kwanza kupanda peke yangu nilikuwa darasa la tano, nina sare. Makonda walikuwa wanaziba mlango kwa mkono: "Mwanafunzi mmoja tu!" Nauli yetu ni ndogo, kwa hiyo wanatuacha. Magari manne yalinipita, asubuhi ile nilichapwa kwa kuchelewa. Watu wanaliona jambo dogo, lakini mtoto aliyeachwa kituoni saa kumi na mbili asubuhi halisahau.

La tano nikaingia. Nimebanwa katikati, bomba silifikii. Mama aliyekaa akasema, "Lete begi nikushikie," akalipakata pamoja na mwanawe mpaka Buguruni. Siku hizi mimi ndiye ninayekaa, na sijawahi kumwacha mwanafunzi asimame na begi mgongoni. Dogo naye akipewa msaada huo akubali. Hapa mjini si kila anayeomba begi lako ni mwizi, ila simu na hela zikae mfukoni mwake, mfuko wa mbele.

Mdau wa Nairobi

Huku ni matatu, lakini mambo ni yale yale. Nilitoka Kitui nikapanda ya kwenda Kayole, muziki uko juu hata ukiita konda hasikii. Jirani akanionyesha: gonga bodi na sarafu, dereva atasimama stage inayofuata. Nauli lipa na pesa ndogo, na chenji uidai mapema, kabla hujakaribia kushuka.

Mdau wa Mbagala

Mimi sioni. Nilipoteza macho nikiwa mtu mzima, kwa hiyo siku yangu ya kwanza ilikuwa mara mbili: ya kwanza nikiwa naona, ya pili gizani. Hiyo ya pili ndiyo ninayoikumbuka.

Niligundua kwamba konda anayeita vituo ndiye ramani yangu. Mtongani, Mission, Zakhem, Rangi Tatu. Siku konda akichoka akanyamaza, nami nimepotea. Nahesabu matuta na kona, lakini foleni inaharibu hesabu. Basi nimejifunza kuuliza kwa sauti, "Jamani, tumefika wapi?" Sijawahi kuuliza nikakosa wa kunijibu, hata mara moja, na wengine hushuka nami wakanivusha barabara. Kijana wetu asiogope sauti yake. Tena akiwa yeye anaona, siku moja akisikia mtu anauliza tumefika wapi, awe wa kwanza kujibu.

Mleta mada

Asanteni sana, wakuu. Nimempigia sasa hivi, nimemsomea yote. La mzee wa Mbagala ameniomba nilirudie.

Kisha nimemwambia ajifanye yuko kwenye gari, atamke. Mara ya kwanza sikumsikia, ya pili akacheka. Ya tatu akasema, "Bima, shusha!" mpaka mama kule jikoni akauliza kuna nini.