Mahamri saba saa nane usiku

Kikundi: UKOO WA BIBI MWANAMKASI 🌴 Tanga

Mama Zuhura: Asalaam aleikum jamani. Naomba mnisaidie kusema na Zuhura. Wiki ya pili hii mchana kutwa hali kitu, chungwa moja na maji, eti gauni la harusi ya dada yake limkae vizuri. Jana saa nane usiku nasikia vyombo jikoni, naenda namkuta kakaa chini na lile beseni la mahamri ya kuuza asubuhi, kala saba makavu bila hata chai. Nimeumia. Nikamwambia mwanangu huo sasa ni ulafi

Mjomba Hatibu: Waaleikum salaam dada. Saba! Zuhura mwanangu jikaze, njaa ni kuikazia roho tu

Zuhura: Mama hadi kwenye grupu jamani 😭 Shikamoo mjomba. Wallahi sikukusudia, nilikuwa nakula huku nalia, mkono unaenda wenyewe

Wifi Rehema: Pole wifi yangu. Kuna vidonge vya kukata hamu ya kula nimeviona vinatangazwa, nikuagizie?

Bakari: Shikamooni wakubwa. Shemeji subiri kwanza usiagize. Na mama nakuomba sana hilo neno ulafi liondoe, si haki kwa mtoto, hii mada ndo tumetoka kuisoma muhula huu chuoni na nilivyosoma ujumbe wako nimeona ni yenyewe kabisa. Ndani ya ubongo chini huku nyuma ya macho kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi, pale kuna seli zinatoa kemikali inaitwa nyuropeptidi Y, na hiyo ndo kati ya vitu vyenye nguvu kabisa vinavyomsukuma mtu kula. Ukikaa na njaa seli hizo zinazidi kuitoa, haziulizi una harusi au huna

Mjomba Hatibu: Hiyo imethibitishwa au ndo mambo ya mitandaoni?

Bakari: Imethibitishwa mjomba. Watafiti Tatemoto na Mutt waliitoa 1982 kule chuo cha Karolinska, Stockholm, kwenye ubongo wa nguruwe

Shangazi Mwanaidi: Nguruwe tena? Astaghfirullah

Bakari: Ni maabara shangazi, hakuna aliyekula 🙏 na binadamu tunayo ya kwetu wenyewe. Ni mnyororo mfupi tu wa asidi amino 36, zile zile zinazojenga protini ya samaki na maharage. Imepewa Y kwa sababu mwanzo wa mnyororo na mwisho wake kuna asidi amino inaitwa tairosini, na wanakemia tairosini wanaiandika Y. Sasa mjomba sikia hii ya kukaza roho, watafiti wengine walichukua panya walioshiba, yani wameshiba kabisa chakula kiko mbele hawakitaki, wakawachoma sindano ya hiyo kitu kidogo sana ubongoni, panya wakarudi kula kama hawajala tangu jana, na wakipewa wachague wanakimbilia vya wanga. Mahamri ni nini kama si wanga? Panya aliyeshiba ndo yuko hivyo, sembuse Zuhura mwenye chungwa moja tumboni

Mama Zuhura: Kwahiyo hakuwa anafanya makusudi

Bakari: Hapana mama. Tumbo likiwa tupu linatoa homoni inaitwa ghrelini, inaenda kuziamsha zile seli. Mafuta ya mwili nayo yanatoa leptini ya kuzituliza, na insulini vilevile inazituliza, sasa ukijinyima leptini inashuka na insulini inashuka, breki zote zimeachiwa. Alafu kibaya zaidi hiyo hiyo nyuropeptidi Y inauambia mwili upunguze matumizi, ubane nguvu, ndo maana mtu anajinyima anasikia baridi na uchovu

Zuhura: Kaka mimi hapa Tanga joto hili nilikuwa najifunika shuka la pili

Wifi Rehema: Basi si kuwe na kidonge cha kuizima hiyo?

Bakari: Wamejaribu shemeji. Kuna dawa ya kuziba mojawapo ya milango yake kwenye seli, watu walimeza mwaka mzima, tofauti yao na waliomeza kidonge kitupu haikufika kilo 2. Tena 1996 walipata panya waliozaliwa hawana kabisa hiyo kemikali, wakala kama wenzao. Njaa ina njia nyingi, ukiziba moja mwili unapita kwingine. Na kemikali hii haikai kwenye njaa tu, inabana mishipa ya damu, inatuliza hofu, kwahiyo usichezee na kidonge cha matangazo ambacho hata hujui ndani kuna nini

Wifi Rehema: Nimeelewa, siagizi

Mjomba Hatibu: Zuhura nisamehe mwanangu nilikusemea vibaya. Asubuhi unakula nini kwani?

Zuhura: Sili kitu mjomba

Bakari: Ndo uanze hapo. Asubuhi kunywa chai na muhogo na yai, mchana kula samaki na mboga kawaida, usiache pengo la kutwa nzima

Mama Zuhura: Zuhura mama yako nimekosa. Nimepika bada na mchuzi wa changu, nakuwekea sahani, toka huko chumbani

Zuhura: Nakuja mama

Shangazi Mwanaidi: Na hilo gauni si nimelishona mimi jamani, mbona hamniulizi? Nimeacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono kila upande. Zuhura lilete kesho saa nne nilifumue