Kwa nini kreta za Mwezi hazionekani vizuri kwenye darubini yangu ya milimita 114?

Mwalimu wa Iringa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Iringa. Mwezi uliopita nilinunua darubini ya kioo yenye upana wa milimita 114 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale kinapokusanya mwanga) wa milimita 900. Ndani ya boksi mlikuwa na lenzi mbili za jicho, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10, pamoja na stendi ya aina inayofuata mhimili wa dunia.

Nilisubiri hadi usiku wa mwezi mpevu, kwa kuwa niliamini Mwezi ukijaa ndipo ungetuonyesha kila kitu, nikawaita wanafunzi wanane wa bweni waje uani kwangu. Tulichokiona kilikuwa sahani nyeupe yenye kuumiza macho, mabaka ya kijivu, na mistari myeupe iliyotawanyika kutoka sehemu moja. Kreta, yaani mashimo ya duara, zenye kuta na vivuli, kama zile za vitabuni, hatukuziona. Nilipoweka lenzi ya milimita 10, picha ilikua lakini ikawa inatetemeka kama kitu kilichozama majini. Ramani ya Mwezi niliyoichapisha nayo haikulingana na tulichokiona hata nilipoigeuza juu chini.

Naomba mnisaidie kujua kama darubini hii ina kasoro, na kama mwanga ule unaweza kuwadhuru watoto macho. Aidha, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama tunaweza kuiona bendera iliyosimikwa Mwezini mwaka 1969, nami sikutaka kumjibu kwa kubahatisha.

Nyota za Tanga alijibu:

Mwalimu, kwa maelezo yako darubini ni nzima. Usiku ulioupanga ndio haukufaa. Fikiria shamba la viazi lenye matuta. Ukilitazama kutoka mlimani saa sita mchana, jua likiwa utosini, utaona udongo mtupu, lakini ukirudi saa kumi na moja jioni kila tuta limejichora kwa kivuli chake. Usiku wa mwezi mpevu Jua liko nyuma yetu sisi tunaotazama, na vivuli vyote vya Mwezi vimefichwa nyuma ya vitu vinavyovitupa. Kina cha kreta tunakijua kwa kivuli chake, na hakuna lenzi inayoweza kukuza kivuli ambacho hakipo.

Kwa hiyo elekeza darubini kwenye mpaka wa nuru na giza, yaani pale ambapo Mwezini ndiyo kwanza kunapambazuka. Kwenye ikweta ya Mwezi mpaka huo husogea karibu kilomita 15 kwa saa, mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli bila haraka, na ndiyo maana kreta iliyokuwa gizani mlipoanza inaweza kuwa imeshika mwanga ukingoni kabla hamjaenda kulala.

Jioni ya tano au ya sita ya mwezi mchanga, tafuta kreta za Theophilus, Cyrillus na Catharina, ambazo zimepangana kando ya Mare Nectaris (Mare ni jina la yale mabaka ya kijivu). Theophilus ina upana wa karibu kilomita 100 na imekata ukingo wa Cyrillus, hivyo mwanafunzi wa jiografia anaweza kusema mwenyewe ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Kwenye robo ya kwanza, yaani Mwezi unaokua ukiwa nusu, utakutana na kreta za Ptolemaeus, Alphonsus na Arzachel karibu na katikati ya uso wa Mwezi. Jioni inayofuata hutokeza safu ya Montes Apenninus, ambayo vilele vyake vinapanda hadi takriban kilomita 5 juu ya tambarare, na upande wa kusini utauona mstari mweusi ulionyooka uitwao Rupes Recta. Mstari huo una urefu wa kilomita 110 hivi na kimo cha mita 300 au pungufu. Unaonekana kama ukuta wima, lakini ni mteremko ambao mtu angeweza kuupanda kwa miguu. Weusi wake ni kivuli kirefu cha asubuhi.

Baada yake, jioni ya tisa au ya kumi, hufika kreta ya Copernicus, na hapo ningependa uwaite wanafunzi wote. Ina upana wa kilomita 93 na kina cha karibu kilomita 4, kuta zake zimeporomoka kwa ngazi ngazi, na katikati kuna vilima. Wanafunzi wako wanaijua Ngorongoro, yenye upana wa kilomita 19 hivi, kwa hiyo waambie kwamba Copernicus ingeimeza na kubakiza nafasi kubwa pande zote. Waeleze pia tofauti ya asili yake: Ngorongoro ni volkano iliyotitia, ilhali Copernicus ni kovu la mgongano na mwamba uliotoka angani.

Kuhusu bendera, jibu ni hapana, na hesabu yake inafaa kufundishwa. Darubini ya milimita 114 hutenganisha vitu viwili vya Mwezini vikiwa mbali kwa karibu kilomita 2. Kiwiliwili cha ile sehemu ya chombo cha kutua iliyobaki pale kina upana wa mita 4 tu, na ili kukitambua kutoka duniani ungehitaji kioo chenye upana wa zaidi ya mita 50, kitu ambacho hakijajengwa popote. Picha za mahali hapo zilizopo zilipigwa na chombo cha Marekani kinachouzunguka Mwezi tangu mwaka 2009. Lakini mahali penyewe unaweza kupaonyesha. Kusini-magharibi mwa Mare Tranquillitatis kuna kreta mbili zinazofanana kwa ukubwa, Ritter na Sabine, zenye upana wa karibu kilomita 30 kila moja. Watu wa kwanza walitua mashariki ya hizo.

Fundi Vioo, Nairobi, alijibu:

Mwalimu, nakubaliana na ndugu yetu wa Tanga kuhusu vivuli. Mimi nitashughulikia kutetemeka kwa picha. Usiku wa Iringa ni wa baridi, na kioo kilichotoka katika chumba chenye joto huendelea kuipasha hewa iliyo ndani ya bomba hadi vipoe pamoja. Kiache nje dakika 30 hadi 45 kabla ya kutazama. Usiiweke darubini juu ya sakafu ya saruji wala usiielekeze juu ya paa la bati, kwa kuwa vyote viwili hutoa usiku joto la mchana. Majani ya kawaida ni bora. Mwezi ukiwa chini karibu na upeo unautazama kupitia hewa nyingi zaidi, hivyo usubiri upande. Katika jambo hili tumebarikiwa, kwa maana Mwezi ukifika juu kabisa katika safari yake ya usiku, kwenu Iringa haupungui nyuzi 50 kutoka upeo wa macho kwa mwezi wowote wa mwaka, wakati watazamaji wa kaskazini mwa Ulaya hukaa majira mazima ya kiangazi wakiuona mwezi mpevu ukitambaa juu ya miti.

Ukigawa urefu wa fokasi wa darubini, 900, kwa 25 ya lenzi ya jicho unapata ukuzaji wa mara 36, ambao unauonyesha Mwezi wote kwa pamoja. Ukigawa kwa 10 unapata mara 90, na hizo zinatosha kwa kila kitu kilichotajwa hapo juu. Kuna wauzaji wanaoandika kwenye boksi mara 450 au hata 675. Kioo cha milimita 114 hakiwezi kuzidi takriban mara 228, na kwa usiku wa kawaida hata 150 ni nadra, kwa hiyo usitumie fedha zako kutafuta namba hizo.

Stendi yako inahitaji uamuzi. Ilibuniwa ili mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani mahali ambapo nyota huonekana kupazunguka, na kwenu ncha hiyo iko upande wa kusini, chini ya nyuzi 8 juu ya upeo. Mhimili unakuwa karibu umelala, uzito wa kusawazisha unagonga miguu ya stendi, na nyingine hazishuki kiasi hicho kabisa. Kama yako inaruhusu, upandishe mhimili hadi nyuzi 90 na uitumie kama stendi ya kawaida ya kugeuza kushoto na kulia, juu na chini. Utaufuata Mwezi kwa kuisukuma darubini kwa mkono kila baada ya nusu dakika hivi, na watoto huizoea kazi hiyo haraka kuliko sisi.

Mwanga wa Mwezi haudhuru macho. Unafanya jicho lishindwe kuona vizuri kwa dakika chache, basi. Kama kifuniko cha mbele ya darubini yako kina tundu dogo lenye kizibo, ondoa kizibo hicho peke yake na uache kifuniko mahali pake. Mwanga utapungua sana. Lakini naomba usome sentensi hii mara mbili: ikiwa ndani ya boksi kuna kioo kidogo cheusi cha kufungia kwenye lenzi ya jicho, kilichoandikwa kuwa ni cha kutazamia Jua, kivunje na ukitupe leo. Hukaa pale pale ambapo joto la Jua linakusanywa, kinaweza kupasuka ghafla, na jicho la mtoto likiungua kwa namna hiyo halirudi.

Binti Pangani alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na shikamooni wakubwa wote. Naomba kuutetea mwezi mpevu kidogo. Ile mistari myeupe mliyoiona ikitawanyika kutoka sehemu moja ni miale ya Tycho, kreta ya kusini yenye upana wa kilomita 85 hivi, ambayo umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 108. Ni vumbi na mawe yaliyorushwa siku ya mgongano, na baadhi ya miale inapita kilomita 1,500 kutoka kwenye kreta yenyewe. Jioni ya robo ya kwanza miale hiyo karibu haionekani, kwa hiyo wanafunzi wako waliona kitu cha thamani bila kujua jina lake.

Kuhusu ramani, tatizo ni kwamba nyingi zimechorwa kwa ajili ya mtu wa kaskazini, ambaye huuona mwezi mchanga umesimama wima. Kwetu mwezi huo hulala kama dau. Ukiutazama jioni kwa macho matupu ukielekea magharibi, Mare Crisium iko upande wa chini, kaskazini ya Mwezi iko mkono wako wa kulia, na Tycho iko kushoto. Darubini ya kioo huipindua picha hiyo, lakini haiigeuzi kama kioo cha kujitazamia kinavyofanya, kwa hiyo izungushe karatasi polepole, robo mzunguko na hata zaidi, mpaka baka la duara la Mare Crisium likae mahali pake, na mengine yote yatakaa. Wenye darubini za lenzi zenye kipande cha kupindia mwanga ndio wanaohitaji ramani iliyogeuzwa.

Jambo la pili linanigusa zaidi. Sehemu kubwa ya majina haya ilitolewa na padri Mwitalia Riccioli mwaka 1651, naye aliwaweka humo wanazuoni wa Kiislamu ambao vitabu vyao vilisomwa Ulaya kwa majina ya Kilatini. Arzachel ni al-Zarqali wa Andalusia. Albategnius, iliyo karibu na Ptolemaeus, ni al-Battani. Thebit, jirani ya Rupes Recta, ni Thabit ibn Qurra wa Harran. Nilipolijua hilo nilirudi darubinini usiku ule ule kuwatafuta mmoja mmoja. Na kwa kuwa pwani wengi wetu tunazijua tarehe za mwezi kwa kichwa, ratiba ya ndugu wa Tanga inaweza kufuatwa kwa kalenda ya Hijria bila kutafuta jedwali lingine, ukikubali tofauti ya siku moja.

Mwalimu wa Iringa aliandika tena:

Nawashukuru sana. Jana usiku, tarehe nane ya mwezi, tuliweka darubini kwenye majani saa moja kasoro robo na kuanza kutazama saa mbili kasoro robo. Arzachel ilionekana pamoja na kilima chake cha katikati. Rupes Recta ilionekana kama uzi mweusi, na mwanafunzi aliyeiona kwanza alikataa kumpisha mwenzake. Tulimwonyesha kila mtu Thebit na tukamweleza jina lilikotoka.

Kuna jambo moja ambalo sikuweza kulieleza. Ndani ya giza, mbali kidogo na mpaka wa nuru, kulikuwa na nukta moja inayong'aa, imejitenga kabisa. Baada ya saa moja na nusu ilikuwa imenenepa. Je, ni kitu halisi au ni kasoro ya kioo?

Nyota za Tanga alijibu:

Ni kilele cha mlima, Mwalimu. Jua limekifikia kabla ya kulifikia bonde linalokizunguka, kama kilele cha Kibo kinavyong'aa wakati Moshi bado kuna giza. Galileo aliona nukta kama hizo mwaka 1609 na akazitumia kukadiria urefu wa milima ya Mwezi, na wanafunzi wako wanaweza kuifanya hesabu hiyo hiyo. Arzachel ina upana wa kilomita 97 hivi. Itumieni kama rula kukadiria umbali kutoka mpaka wa nuru hadi kwenye nukta. Zidisheni umbali huo kwa wenyewe, kisha gawanyeni kwa 3,474, ambacho ni kipenyo cha Mwezi kwa kilomita. Ikiwa nukta ilikuwa umbali wa kilomita 80, basi mlima ule una takriban kilomita 1.8. Njia hii inafaa zaidi karibu na robo, kwa hiyo kama hamkupima jana, nafasi nzuri inayofuata ni tarehe saba na nane za mwezi ujao, na kila mmoja aandike kipimo chake kabla hajaambiwa cha mwenzake.