Kaka yangu amefura tumbo kwa sababu ya pombe: je, tumfungie nyumbani ili aache?

Binti wa Rongai (Nakuru):
Hamjambo ndugu zangu. Kaka yangu mkubwa ni makanika hapa Kaptembwa, ana miaka 46, na kwa zaidi ya miaka 15 sikumbuki jioni aliyolala bila kunywa. Siku hizi humaliza chupa ya mililita 250 ya pombe kali kila siku, na pesa zikipungua hugeukia chang'aa. Mikono na mashavu yamekonda, lakini tumbo limefura hata mkanda aliokuwa akiufunga kwenye tundu la tatu haufiki tena. Jumapili nilimbonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, na nilipoachia, shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Macho yamekuwa ya manjano. Mama anataka tumpeleke kwake Rongai, tumfungie chumbani wiki 2 bila hata tone, tumpe mitishamba ya kusafisha ini, na tumnyime nyama na mayai. Mimi nasita. Naombeni ushauri.

Muuguzi Mstaafu (Kisumu):
Pole sana, dada. Tafadhali msimfungie. Ubongo uliozoea pombe kwa miaka mingi, ukinyimwa ghafla, huchachamaa: mtu hutetemeka saa chache baadaye, anaweza kushikwa na mshtuko kama wa kifafa ndani ya siku 2 za kwanza, kisha akaweweseka na kuona visivyokuwepo. Nimeona mtu akifariki hivyo, ilhali nyumbani walidhani ni ukaidi. Lazima aache, lakini aachie hospitalini, ambako kuna dawa za kumtuliza.

Kile kichupa kisiwadanganye kwa udogo wake. Pombe ya asilimia 40 katika mililita 250 ni karibu gramu 80 za kileo, sawa na bia 4 za nusu lita. Ini hukigeuza kileo hicho kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu. Mafuta hujazana ndani ya ini, linavimba, kisha linaota makovu. Makovu yakikaza, damu inayotoka matumboni hukosa njia, shinikizo hupanda, na maji huvujia tumboni. Mishipa ya umio nayo hutanuka na inaweza kupasuka, kwa hiyo akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, msingoje kupambazuke. Vilevile akianza kulala mchana kutwa, kukesha usiku na kuchanganyikiwa, mpelekeni mara moja.

Mitishamba iacheni, kwa kuwa ini hilo hilo gonjwa ndilo litakalolazimika kuichakata. Kuhusu nyama na mayai, Mama anafuata ushauri wa zamani ambao hata sisi wauguzi tuliwahi kuutoa. Kaka yako anakonda misuli, anahitaji protini. Kinachopaswa kupunguzwa ni chumvi. Dawa yoyote ya maumivu, hata parasetamoli, aulize daktari kwanza.

Mkulima wa Njoro:
Mimi niliambiwa mwaka 2019 kwamba ini langu limejaa mafuta, na sikuwa na maumivu hata kidogo. Nilikuwa nikinywa maziwa kabla ya pombe nikiamini yanakinga ini, kumbe yalichelewesha kulewa tu. Niliacha chini ya uangalizi wa daktari, na picha ya miezi michache baadaye ilionyesha ini safi. Lakini langu halikuwa limeota makovu, kwa hiyo usimpe kaka matumaini kwa kipimo changu.

Mwalimu (Kakamega):
Naongeza jambo moja: macho kuwa ya manjano si lazima iwe pombe pekee, wala si ile homa ya manjano inayoletwa na mbu, kama wengi wanavyoiita huku kwetu. Ombeni apimwe hepatitisi B na C, yaani maambukizi ya virusi vinavyoshambulia ini. Ikipatikana B, nanyi mnaoishi naye mpimwe, kwani ina chanjo.

Binti wa Rongai (Nakuru):
Asanteni nyote. Tulimpeleka hospitalini Jumanne, akalazwa. Usiku wa kwanza alitetemeka hadi kitanda kikalia, wakamdunga sindano akatulia. Jana wametoa lita 5 za maji tumboni, ya rangi ya chai hafifu, na wamepeleka kiasi maabara. Daktari amesema makovu yapo, ila hatajua ukubwa wa hasara hadi kaka akae miezi kadhaa bila pombe. Mama amefika leo na mayai 6 ya kuchemsha bila chumvi. Kaka amekula mawili, akalalamika kwamba hayana ladha.