Mzee abaki kwake, ahamie kwa mtoto au aende makao ya wazee? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada: Habari zenu wakuu. Familia nyingi huamua jambo hili hospitalini, mzee ameshavunjika nyonga na kila mtu ana haraka. Mnaolijua, mnapima nini kabla?

Muuguzi wa Zamu: Mambo sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kuzuia haja. Kwa siku saba andika kila moja: anafanya mwenyewe, anasaidiwa, au anafanyiwa. Usimuulize tu. Wazee wengi husema "naweza" kwa kuogopa kuwa mzigo, kwa hiyo mtazame akifanya.

Kisha pima mwendo: ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Akifikisha sekunde 12, yuko katika hatari ya kuanguka.

Lakini kinachoamua hasa ni usiku. Anayehitaji kuogeshwa asubuhi tu, msaidizi wa saa chache anamtosha. Asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi ili asipate vidonda, na hapo mlezi mmoja hawezi. Wiki ina saa 168, na zote zinataka mtu wa zamu.

Fundi Mwashi: Akibaki nyumbani, anzeni na bafu. Chuma cha kushikia kifungwe hadi ndani ya tofali. Kikishika kigae pekee, siku mzee anateleza kinang'oka pamoja na kigae chake. Kwa kiti cha magurudumu, mlango uwe na uwazi wa sentimita 80, upimwe ukiwa umefunguliwa, maana ubao wenyewe unakula nafasi. Mteremko: kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za urefu. Vidato viwili vya sentimita 15 kila kimoja vinataka mteremko wa mita 3.6, na wengi hugundua uwanja hautoshi saruji ikiwa imeshachanganywa.

Mama Ushauri: Makao yatembelee mara mbili, mara ya pili jioni au Jumapili. Kaa wakati wa chakula uone sahani ngapi zinarudi zimejaa na nani analishwa kwa subira. Tazama kengele ya kuitia: iko mkononi mwa mzee, au imening'inia nyuma ya kitanda? Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi. Kwenye mkataba tafuta kama nepi zimo ndani ya ada, na hali ikizidi watamhamishia wapi.

Muuguzi wa Zamu: Naongeza. Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, yale sita hudanganya. Anavaa na kula vizuri, lakini anaacha jiko likiwaka na kutoka nje usiku wa manane. Huyo asiachwe peke yake. Hati ya kumwakilisha kwenye mali na matibabu aisaini mapema, akili ikiwa bado timamu.

Mama Ushauri: Na anayehamia kwa mtoto, andikeni jina kwenye kila zamu, hata ya Jumamosi usiku, kabla ya kuhamisha kitanda. Jaribuni kwanza wiki chache, na chumba chake cha zamani kisipangishwe bado.